Saa Moja ni Saa Moja

Watu wakiiona kompyuta yangu huuliza kwa nini skrini yake haifanani na za wenzangu. Nikiwajibu kwamba natumia Linux, mfumo huria ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuufungua, kuubadili na kumgawia jirani yake, wengi hunitazama kwa heshima nisiyostahiki. Hudhani nimekimbia virusi, au nina siri kubwa za kuficha, au nimesomea mambo hayo. Sikuyasomea. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule, kazi yangu ni kuwinda koma zilizokaa pabaya, na mpaka nilipotimiza miaka arubaini na minane sikujua kwamba kompyuta inaweza kuvuliwa mfumo mmoja ikavishwa mwengine. Niliubadilisha kwa hasira. Niliubadilisha kwa sababu ya saa, na kwa sababu kaka yangu alitaka kumtoa mama yetu nyumbani kwake.

Mama na mimi tunakaa Mji Mkongwe, upande wa Mkunazini, ghorofa ya pili ya nyumba ambayo mama aliingia akiwa bi harusi. Sebuleni tulikuwa na saa ya ukutani ambayo marehemu baba aliitegesha mwenyewe. Hakuitegesha kama saa nyingi, ambazo mshale mfupi unakaa kwenye saba na sisi tunasoma saa moja. Baba alisema hana haja ya saa inayomwambia jambo jengine na yeye akatamka jengine. Saa yetu jua likichomoza ilionesha kumi na mbili, na baada ya hapo moja, mbili, tatu, kama tunavyohesabu wenyewe. Wageni walishtuka wakidhani wameachwa na boti. Mama alizoea kuitazama na kusoma kilichoandikwa, basi, bila ya hesabu yoyote kichwani.

Saa ile ikafa. Fundi akaifungua, akaipuliza, akasema vipuri vyake havipatikani tena. Wakati huo mama alikuwa ameshafanyiwa operesheni ya jicho moja na la pili linasubiri, kwa hiyo alihitaji tarakimu kubwa. Nikaona mimi ni hodari. Nikaiweka kompyuta yangu juu ya meza ya sebuleni, nikaifanya ioneshe saa skrini nzima, tarakimu nene kama vidole. Siku ninazosahihisha karatasi kwa kalamu sikuwa na kazi nayo. Nikamwita mama nikamwonesha.

"Saa yako mpya hiyo, mama."

"Ahsante mwanangu. Yang'aa kweli."

Sikumwambia, wala mwenyewe sikufikiri, kwamba saa ile inasema Kizungu. Sisi tuliokulia maofisini tumezoea kuona saba tukatamka moja. Tunapunguza sita hata hatujijui kama tunapunguza.

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, naye yuko Ulaya tangu ujana. Ni mtu mwema, nalisema hili mapema kwa sababu huko mbele sitakuwa na nafasi ya kulisema. Kompyuta yenyewe ni yeye aliyeniletea. Alijenga nyumba Mpendae, yenye ukuta na geti, na kwa muda mrefu alikuwa akitaka mama ahamie huko, awekewe mtu wa kumwangalia, apumzike ngazi za nyumba yetu. Mama alikataa kila mara kwa lugha ya upole. Hapa ana jiko lake, ana ufunguo wake wa mlango wa chini, ana mashoga zake watatu wanaopanda jioni kuja kumsengenya kila anayepita uchochoroni. Geti la Mpendae asingelifungua mwenyewe.

Basi jioni moja kaka akapiga simu ya video. Mimi nilikuwa jikoni nakuna nazi. Aliongea na mama karibu nusu saa, nikasikia anamuuliza maswali na mama anajibu. Kesho yake akanipigia mimi, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia.

"Mama ameanza kupotea," akaniambia. "Nimemuuliza maswali ya daktari, nimeyapata kwenye mtandao. Saa ngapi sasa hivi, leo siku gani, vitu kama hivyo. Kwenu ilikuwa saa moja usiku. Kanambia saa saba. Leo siku gani mama? Kanambia Ijumaa. Na jana ilikuwa Alkhamisi! Kumbukumbu hana tena huyu. Nnakuja mwezi ujao kumhamisha, na jiko asiguse, atajichoma."

Niliiweka simu. Kisha nikaenda sebuleni kumtazama mama. Alikuwa anachambua mchele, na alikuwa ameshatoa mawe mawili ambayo mimi nisingeyaona na macho yangu mazima.

"Mama," nikamwambia, "jana kaka alipokuuliza saa, ulijua ni saa ngapi?"

"Nlijua. Si magharibi nshasali? Saa moja."

"Mbona ukamwambia saa saba?"

Akaitazama kompyuta, akateremsha sauti kana kwamba kompyuta ingesikia.

"Kaniuliza saa, nkatazama saa. Ilikuwa imeandika saba. Nliona tangu siku ya kwanza kuwa mbovu, lakini wewe umeileta kwa furaha, ntakwambiaje saa yako mbovu? Nkaona haya. Nkasoma ilivyoandika."

"Na Ijumaa?"

Hapa alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Sasa magharibi ya Alkhamisi ikishaingia, ni usiku wa nini, mwanangu? Si usiku wa Ijumaa? Nshafukiza udi, nshasoma Yasini. Nimwambie Alkhamisi, nimwongopee?"

Nililia pale pale, halafu nikacheka, halafu ndipo hasira iliponiingia. Mama alijibu maswali mawili. La kwanza alilikosea kwa adabu zake na kwa upumbavu wangu. La pili hakulikosea hata chembe. Siku yetu huanza jua likizama, hivyo ndivyo alivyofundishwa yeye na mama yake, na hivyo ndivyo alivyomfundisha huyo anayemtia alama za makosa. Nikampigia kaka nikamweleza yote. Akanisikiliza, akavuta pumzi.

"Usimtetee," akasema. "Najua unampenda. Lakini dunia nzima jana ilikuwa Alkhamisi."

Dunia nzima! Mtu aliyezaliwa katika chumba kile kile anachotaka kukifunga. Nilikata simu, jambo ambalo sijawahi kumfanyia kaka yangu, nikaketi mbele ya kompyuta na nia ya kuifundisha adabu.

Nilianza kwa njia nyepesi, nikairejesha nyuma saa sita kwa mkono. Ikakubali. Nilipounganisha mtandao ikajirekebisha yenyewe, saba ikarudi. Nikairejesha tena, nayo ikajirekebisha tena. Nikagundua kwamba nikiidanganya kuwa ninaishi Brazili, ambako wako nyuma yetu kwa saa sita, itaonesha saa zetu. Nikawa mkaazi wa Brazili. Ikaanza kuniletea hali ya hewa ya huko, na bado siku ilikuwa haikai sawa: tukiamka kwa sala ya alfajiri siku ya Ijumaa, yenyewe inashikilia Alkhamisi mpaka jua litoke. Nayo kila ilipojisasisha ilinirudisha Afrika Mashariki bila ya kuniuliza. Katikati ya vita hivyo ikanipa na barua: kompyuta yangu haikidhi masharti ya mfumo mpya, na huu wa zamani karibuni utaachwa bila ya ulinzi, kwa hiyo ninashauriwa kununua nyengine. Kompyuta ilikuwa nzima. Haikuwa imekosa jambo lolote ila umri.

Nikaibeba hadi Darajani kwa fundi ninayemjua, mtu mzima wa makamo yangu, mwenye duka pembeni ya wauza vitambaa. Nikamweleza ninachotaka. Akacheka mpaka akavua miwani.

"Bibie, saa ya kompyuta haichezewi. Mfumo huu ndivyo walivyouamua wenyewe. Nunua mpya, na mama mnunulie saa ya ukuta."

"Saa ya ukuta atanunuliwa. Mimi nataka hii inayotumika nyumbani kwangu iseme maneno yangu. Hakuna mfumo mwengine?"

"Upo. Hiyo mifumo huria, bure kabisa, na hata kompyuta kongwe inaibeba. Lakini ni ya vijana wa chuo kikuu hiyo. Wewe hutauweza."

Neno hilo "hutauweza" lingefaa kuandikwa kwenye kadi na kugaiwa kwa kila mtu anayetaka kunifanya nifanye jambo. Nilimwambia anitilie mifumo mitatu kwenye flashi tatu, anioneshe namna ya kuiwasha, na aniachie mengine mimi mwenyewe. Akanitilia. Kwa haki yake niseme kwamba alinifundisha vizuri: mfumo wa namna hii unaweza kuuwasha moja kwa moja kutoka kwenye flashi, ukauonja, ukauzima, na kompyuta isibadilike kitu. Nilipenda jambo hilo. Hata kitambaa cha kanga hununui mpaka umekikunjua.

Watu huchagua mfumo kwa mambo mengi, nimesoma baadaye mabishano yao marefu. Wanapima kasi, wanapima uzuri wa vidirisha, wanapima michezo. Mimi nilikuwa na kipimo kimoja. Nilikuwa nikiwasha, nikienda moja kwa moja kwenye saa, na kuibofya kwa upande wa kulia kuona kama inakubali kusemeshwa.

Mfumo wa kwanza ulikuwa mzuri wa kuangalia, na saa yake ilikaa katikati juu kama bwana harusi. Nikaibofya. Ikanionesha kalenda. Kuibadilisha ilihitaji kuongeza kiprogramu, na kiprogramu kilikuwa cha toleo jengine. Nikauzima. Wa pili ulikuwa na mipangilio mingi hata nikapotea humo ndani asubuhi nzima. Nilibadilisha umbo la kishale, rangi ya madirisha na mlio wa taka zikitupwa, saa sikuifikia. Pengine ulikuwa bora kuliko yote, sijui. Mimi na ule hatukuelewana.

Wa tatu ulikuwa wa kawaida, hauna mapambo, unafanana na kompyuta za ofisi tulizoanzia kazi. Nikaibofya saa. Kikafunguka kidirisha chenye mistari miwili mitupu. Mmoja unauliza saa hii ifuate majira ya wapi, saa hii tu, si kompyuta nzima. Wa pili unauliza unataka iandikeje. Mistari mitupu! Niandike nitakacho! Mtu ambaye hajawahi kuambiwa na mashine "sema wewe" hawezi kujua nilivyohisi. Nilitia Brazili katika mstari wa kwanza, na katika wa pili nikaandika kwa mkono wangu: Saa, nikaweka alama ya saa, na dakika, nikaweka alama ya dakika. Ikatokea: Saa 4 na dakika 10. Nikatazama simu yangu. Kumi na dakika kumi asubuhi. Nikapiga kelele mpaka mama akaitika "Naam?" kutoka jikoni.

Kilichobaki ni ile siku inayochelewa. Nilikaa nayo siku mbili. Niliandika kwenye karatasi kama mtoto wa darasa la tatu: jua letu likizama, wapi duniani ndiyo kwanza tarehe inageuka? Wapi ni usiku wa manane sisi tukiwa magharibi? Nikahesabu kuelekea mashariki badala ya magharibi, saa sita mbele badala ya sita nyuma, nikafika Japani. Nikaandika jina la mji wao mkuu. Saa ikabaki ile ile, kwa sababu sita mbele au sita nyuma katika saa kumi na mbili ni mamoja. Lakini jioni ile, dakika chache kabla ya adhana ya magharibi, macho yangu yakiwa kwenye skrini, saa ikageuka kumi na mbili kamili na Jumatatu ikawa Jumanne. Adhana ikaanza msikiti wa karibu. Wajapani hawajui, lakini siku yao inazaliwa pamoja na yetu.

Hapo ndipo nilipoamua. Kuonja kukawa kumekwisha, ikabidi kufuta. Sitasema sikuogopa. Ndani ya kompyuta mlikuwa na vitabu sita vya watu, na mfumo unapokuuliza "una hakika unataka kufuta kila kitu?" unahisi unaulizwa na kadhi. Nilinakili kila faili kwenye diski ya nje, mara mbili, nikasoma bismillahi, nikabonyeza. Mtandao usio na waya ulikataa kufanya kazi, nikalazimika kuiunganisha na simu kwa waya siku tatu mpaka nilipopata dawa yake. Printa iligoma wiki nzima. Fundi wa Darajani aliponiuliza naendeleaje nilimwambia vizuri sana, na nilikuwa naongopa. Nilipochagua Kiswahili katika orodha ya lugha nikakuta nusu ya maneno yametafsiriwa na nusu yameachwa, na mengine yametafsiriwa vibaya hata nikawashwa vidole. Lakini mfumo huria ni huria: kuna mahali pa kutuma masahihisho. Nikayatuma. Wakanijibu kwa kunishukuru. Ule mfumo wa mwanzo sikumbuki kama uliwahi kunishukuru kwa chochote.

Nikairejesha kompyuta mezani sebuleni, tarakimu zile zile nene. Mama akaisogelea, akaifinyia jicho lake zima, akasoma kwa sauti saa na siku. Kisha akanishika mkono. "Sasa hii saa," akasema. Alikuwa amekaa miezi minne na saa mbovu ili asinivunje moyo.

Kaka akaja. Alifika Alkhamisi mchana, akalala kidogo, akaenda Mpendae kukagua nyumba, akarudi magharibi inatoka. Alikuwa na karatasi yake ya maswali mfukoni, niliiona inachungulia. Mashoga wa mama walikuwa wamekuja wote watatu kumpokea, sebule inanukia udi, misahafu imeshatolewa kwa kusoma Yasini, kahawa inazunguka. Nilimwamkia, akaitikia, na alinitazama kama mtu anayetaka nimsamehe kwa jambo ambalo bado hajalifanya.

Alikaa karibu na mama, akamshika bega.

"Mama, nikuulize kidogo tu. Sasa hivi saa ngapi?"

Mama akageuza shingo kwenye skrini.

"Saa moja na dakika ishirini."

Kaka akaangalia saa ya mkononi. Akapapasa karatasi yake.

"Na leo siku gani, mama?"

"Ijumaa."

Niliona uso wake ulivyoanguka. Akaiinamia kompyuta apate ushahidi, akaikuta imeandika Ijumaa. Akanigeukia.

"Hii kompyuta umeifanya nini? Imeharibika hii. Inasema Ijumaa."

"Haikuharibika," nikamwambia, na sikuteremsha sauti kwa sababu ya wageni. "Ilikuwa mbovu ulipoileta, nimeitengeneza. Kaka, mimi nakuheshimu, lakini katika nyumba hii saa moja ni saa moja, na jua likizama leo imekwisha. Kama una karatasi ya maswali, yaandike upya. Mama haondoki hapa kwa sababu mtu kamuuliza kwa hesabu za kwao na kumsahihisha kwa hesabu za kwao."

"Kwao nani? Mimi si wa hapa?"

Mama akainua mkono, tukanyamaza wote wawili kama tulipokuwa na miaka sita na kumi na mbili. Akamgeukia mwanawe, akamtazama kwa huruma, akaongea naye taratibu, neno moja moja, kama anavyoongea naye kaka kwenye simu.

"Hebu nkuulize na miye, baba. Usiogope. Unausikia huu udi?"

"Naam, mama."

"Wanawake hawa wamejaa, misahafu i mikononi. Jua lishazama. Leo usiku wa nini?"

Kaka akafungua mdomo. Akamtazama mama, akanitazama mimi, akautazama moshi wa udi unaopanda kwenye boriti.

"Alkhamisi," akasema.

Mashoga wakashusha pumzi kwa pamoja. Mama akampapasa mgongo, kisha akanigeukia, na hakuwa anatania.

"Mtengenezee kakako kitanda cha humu ndani. Mpendae asende kulala peke yake. Ameanza kupotea."